Samaki wamejaa bwawani lakini hawakui, na shemeji anadai mgawo

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage, Songea Vijijini. Mwaka juzi nilichimba bwawa bondeni, mita 20 kwa 15, upande wa chini maji yananifika kifuani. Nayaingiza kwa mfereji kutoka kijito kinachopita jirani. Gharama za kuchimba na za vifaranga nilitoa nusu mimi, nusu akatoa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Dar es Salaam. Tulipandikiza vifaranga 900 vya perege. Muuzaji alituambia tukivumilia miezi sita tutavua samaki wa robo kilo kwenda juu.

Miezi sita ilipofika walikuwepo wachache wa kuridhisha, wengi bado wadogo. Nikasema ngoja wakue. Mpaka leo wako vilevile. Nikimwaga pumba maji yanachemka kwa samaki, mgeni akiona anasema nimetajirika. Nikivuta wavu wanaingia wengi mno, lakini wengi wao hawazidi kiganja changu. Nimepima kwenye mizani ya duka: 15 ndiyo kilo moja. Wale wachache wakubwa nimekuwa nikiwachagua tunapopata mgeni au sikukuu.

Muuza chakula cha mifugo ananishauri ninunue chakula cha kuelea, anasema pumba ndiyo zinazowadumaza. Jirani ananiambia mbegu imechoka, niongeze vifaranga 500 vipya vichanganyike na hawa. Mke wangu anataka tufukie shimo apande migomba. Na shemeji kila akipiga simu anauliza mgawo wake. Nikimwambia samaki hawajakua ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Sawa, shemeji." Najua anadhani nawauza kimyakimya.

Je, maji yangu yana sumu? Niliuziwa mbegu mbovu? Nifanye nini kwanza?

Mwenye bwawa, Songea Vijijini

*

Marahaba, ndugu yangu.

Cha kwanza, usifungue pochi. Usinunue chakula cha kuelea kwa ajili ya samaki hao, na vifaranga vya jirani viache hukohuko viliko. Vyote viwili vitaongeza tatizo ulilonalo. Maji yenye sumu yangekuonyesha maiti zinaelea, yasingekupa samaki wanaogombania pumba. Bwawa lako ni zima. Limezidiwa na midomo.

Fanya hivi kesho asubuhi. Vua samaki 20 au 30 hao wa kiganja, uwaangalie mmojammoja kabla hujawatia kwenye ndoo. Utaona kichwa kikubwa na macho makubwa kuliko yanavyostahili mwili ule, na mgongo uliokonda. Sasa tafuta aliyevimba kidogo chini ya taya, umfungue mdomo taratibu kwa kidole. Nina hakika hutafika mwisho wa ndoo kabla hujakuta mayai ya manjano, kila moja milimita 2 au 3, yamejazana mdomoni, au vitoto vyenye macho meusi vinavyochezacheza. Huyo unayemwita mtoto ni mama mzazi. Hao wa 15 kwa kilo wengi wao ni watu wazima, na pengine tayari wana wajukuu humo ndani.

Perege ndivyo alivyo. Dume huchimba shimo la duara kwenye tope, sehemu yenye maji mafupi, upana wake kama sahani ya wali. Ukipunguza maji utayaona mashimo hayo yamepangana ukingoni. Jike hutaga humo, dume akishayarutubisha jike huyachota mayai na kuyatunza mdomoni. Huyaatamia na kulinda watoto kwa muda wa wiki moja na nusu hadi mbili, na kipindi chote hicho hali, au anakula kidogo sana. Akishawaachia anapumzika, anajaza tumbo, na maji yakiwa ya joto baada ya wiki nne hadi sita anarudia. Ndiyo maana dume hukua karibu mara mbili ya jike: chakula cha jike kinaishia kwenye mayai, na kila anapoatamia amefunga mdomo.

Linalowashangaza wengi ni umri. Sato, yaani aina ya perege anayefugwa zaidi, akiwa ziwani huchukua karibu mwaka, au zaidi, kabla ya kuanza kuzaa, naye akiwa na mwili wa kutosha. Kwenye bwawa linalotunzwa vizuri anaanza kwenye miezi mitano au sita. Lakini kwenye bwawa lililobanana, chakula kikiwa cha kugombaniwa, anaanza kwenye miezi mitatu, akiwa na gramu 20 au 30 tu. Kadiri anavyobanwa ndivyo anavyowahi kuzaa, na kadiri anavyozaa ndivyo wanavyobanana. Ukisubiri wakue, unasubiri jambo ambalo bwawa limeshalikataa.

Twende kwenye hesabu. Bwawa lako lina mita za mraba 300. Kwa pumba na samadi, bila chakula cha maana zaidi, tuchukulie linabeba kilo 75 za samaki. Kilo hizo bwawa litakupa hata iweje, ila halijali zimegawanywa kwa wangapi. Wakiwa 300, kila mmoja ana gramu 250, yaani wanne kwa kilo. Wakiwa 1,125, ndiyo hao wako 15 kwa kilo. Na hapo sijahesabu vitoto vinavyopita kwenye matundu ya wavu. Kwa hiyo samaki wako wapo, uzito wao upo, umegawanyika tu vipande visivyouzika. Ukimwaga chakula cha bei ghali humo utapata vitoto vingi zaidi.

Kuna jambo moja limeharakisha haya, nalo ni hao wa wageni na sikukuu. Ukichagua wakubwa kila mara unawaondoa wanaokua haraka, wengi wao wakiwa madume, na unawabakiza wanaowahi kuzaa. Bwawa la perege waliochanganyika ukitaka kulipunguza, punguza wadogo, tena kila wiki, bila huruma. Lako limeshapita hapo. Kuokota wadogo kwa mkono sasa hivi ni kazi isiyo na mwisho.

Kuhusu mbegu: sidhani ulitapeliwa kwa maana ya polisi. Uliuziwa vifaranga mchanganyiko, madume na majike, na ahadi inayotimia kwa madume watupu. Kama hukuuliza, hakukwambia. Nawe si wa kwanza. Huko nyuma, miaka ya 1950 na 1960, mabwawa mengi ya vijijini barani Afrika yalichimbwa kwa shangwe na kuachwa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hii hii ya perege kujaa na kudumaa. Hapa kwetu majaribio ya kumfuga yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Ni jambo la zamani mno kwa mtu kuendelea kuuza vifaranga bila kutamka jinsia yao.

Dawa yako ni moja: vua wote, kausha, anza upya. Najua inauma kumwaga bwawa lililojaa. Wengine watakuambia utie kambale tu, wawale wadogo. Kambale ni mzuri na nitarudi kwake, lakini kambale mchanga hawezi kummeza perege wa kiganja, na hao wa kiganja ndio mrundikano wako. Utakaa mwaka mwingine unasubiri.

Wakati mzuri ni Julai na Agosti. Huko kwenu Juni na Julai maji hupoa, perege anakula kwa kujivuta na karibu haongezeki, hivyo hupotezi kitu. Kausha kipindi hicho, jaza Agosti mwishoni kabla kijito hakijanywea sana, pandikiza Septemba joto linaporudi. Miezi sita inakupeleka Machi. Ongea mapema na mwenye shamba la chini yako kuhusu maji utakayoyaachia, usije ukamaliza ugomvi wa shemeji ukaanza wa jirani.

Siku moja kabla usiwape chakula. Anza alfajiri, kungali na ubaridi, upunguze maji hadi magotini, kisha vuta kokoro, yaani wavu mrefu wa kukokota, mara mbili tatu (la bwawani kwako halina kosa, lililopigwa marufuku ni la ziwani). Halafu fungua maji yote na uokote waliobaki kwenye tope kwa vikapu na ndoo. Waliofika ukubwa wa kuuza, uza. Wadogo ni kitoweo kizuri wakikaangwa wakauke, au wakianikwa juani wakageuka dagaa wa nyumbani. Wanaobaki wasage kwa ajili ya kuku. Ila usiwamwage kijitoni. Mito ya kwenu ina perege wake wa asili, na sato wa kufugwa akiingia huwasukuma pembeni na kuzaana nao. Hilo likishatokea halirudi nyuma.

Sasa kausha, na hapa ndipo watu wengi hufanya kazi nusu. Bwawa halijakauka kwa sababu huoni maji. Limekauka tope likipasuka nyufa za kuingiza kidole, na hilo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili za jua. Dimbwi moja la maji lenye ukubwa wa karai, likibaki kwenye shimo la uzazi, linatosha kuhifadhi vitoto mia, na hao ndio watakaolijaza tena bwawa lako kabla ya Krismasi. Zungukia kila unyevu, fukia, au chota maji. Mwaga chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, ukiizidisha kidogo pale penye majimaji. Kwako ni kama kilo 30 hadi 60. Tope jeusi lililozidi kiganja litoe nje, na hilo mpe mama watoto kwa ajili ya migomba yake. Hakuna mbolea nzuri kama ile, na nadhani madai yake yatapungua akishaona mikungu.

Kabla hujafungua mfereji, weka chujio kwenye bomba la kuingizia: wavu wenye matundu madogo kama chandarua, umefungwa mara mbili. Inawezekana kabisa perege wa kijitoni waliingia humo na kuongeza idadi. Chujio linaziba kwa majani, hivyo lisafishe kila asubuhi. Wavu wa matundu makubwa unazuia vyura tu.

Unaponunua vifaranga safari hii, taka madume watupu na uulize wamepatikanaje. Njia iliyoenea ni kuwalisha vifaranga chakula chenye homoni kwa siku 21 hadi 28 za mwanzo wa maisha yao, wakiwa wadogo kama sindano. Baada ya hapo hawalishwi homoni tena, na mpaka wafike kwenye sahani yako miezi mingi imepita, kwa hiyo usitishwe na maneno ya vijiweni. Ila usijaribu kuichanganya mwenyewe nyumbani. Una bahati kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila kiko Songea hukohuko. Pita uulize, au mwone bwana samaki wa wilaya akuelekeze kwa mzalishaji anayeaminika.

Mfuko ukikataa kabisa, ipo njia ya mkono. Perege aliyedumaa hajaharibika moja kwa moja; dume akipata nafasi na chakula huanza kukua tena. Siku ya kuvua tenga wazima wa gramu 30 hadi 50 kwenye ndoo yenye maji safi, mgeuze kila mmoja tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja kuna kichuchu kidogo. Cha dume kina tundu moja tu kwenye ncha. Cha jike ni butu, na kina mstari mdogo uliokatisha katikati, ndipo mayai hutokea. Paka doa la wino na utauona mstari huo vizuri zaidi. Hata mzoefu hukosea wachache katika kila mia, na macho yakichoka wanaongezeka, hivyo fanyeni wawili na mpumzike. Mimi bado ningependa mbegu mpya, maana hao wako wamezaana ndugu kwa ndugu na huwezi kujua nani ana umri gani. Lakini madume 300 waliochaguliwa ni bora kuliko bwawa tupu.

Wangapi? Idadi ifuate chakula utakachomudu. Kwa pumba na samadi peke yake, weka 300, mmoja kwa mita ya mraba. Ukiweza kuchanganya pumba na mashudu ya alizeti na dagaa kidogo waliosagwa, nenda hadi 450. Mia sita ni kwa mwenye fedha ya chakula kamili miezi yote sita, wala usinijibu kwamba utaipata mbele ya safari.

Mwezi mmoja baada ya perege, ndipo uingize kambale wachanga, mmoja kwa kila perege 15: kwa 450 ni kama 30. Wawe wadogo kuliko perege wako, la sivyo watakula mtaji. Kazi yao ni kumeza vitoto vya majike wachache waliopenya, kwa sababu "madume watupu" hawawi watupu kwa asilimia mia. Na siku ya mwisho wewe ndiye utakayewala.

Lisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, sehemu ileile. Kila mwezi vua 30, wapime kwa pamoja, gawanya kwa 30, warudishe. Perege 450 wa gramu 20 ni kilo 9. Asilimia 5 yake ni gramu 450 za chakula kwa siku. Wakifika gramu 100 ni kilo 45, nao wape asilimia 3, yaani kilo moja na gramu 350. Andika kwenye daftari. Samadi itie mpaka maji yawe ya kijani: zamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kiganja kikianza kupotea hapo panatosha. Kikipotea mapema, acha samadi. Na ukiwakuta alfajiri wamepanda juu wanahema, ingiza maji mapya siku hiyohiyo.

Miezi sita ikifika, vua wote. Usisubiri wale wadogo wawafikie wenzao.

Nimemwacha shemeji makusudi, kwa sababu dawa yake iko ndani ya siku ileile ya kukausha. Usimweleze tena kwa simu kwamba samaki hawajakua. Maneno hayo ameshayasikia. Mwite aje. Nauli ya basi kutoka Dar si kitu kidogo, akishindwa amtume mtu wake, na mke wako awepo, kwa kuwa ni dada yake na ndiye aliyekaa katikati ya simu hizo. Weka mizani ukingoni. Kila ndoo ipimwe mbele yao, iandikwe, na kilo zigawanywe palepale, nusu kwa nusu, baada ya kutoa gharama mlizokubaliana. Atakapowaona wamejaa ndoo na mizani inasoma samaki 15 kwa kilo, hutahitaji kujitetea. Halafu, kabla hajapanda basi kurudi, kaeni mwandike kwenye daftari lilelile nani anatoa nini safari hii: vifaranga, chokaa, chakula cha kila mwezi, na kazi yako ya kulisha kila siku ihesabiwe kama mchango. Safari ya kwanza naona hamkuihesabu, na inawezekana ndiyo sababu ulikuwa ukichagua wakubwa bila kumwambia.

Mshauri